Mabibo na Moshi: Kwa Nini Marufuku ya Gongo Ilishindwa Katika Nchi ya Mikorosho

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Septemba na Oktoba, harufu moja huenea katika vijiji vya Masasi na Newala. Ni harufu tamu yenye ukali kidogo ndani yake, nayo hutoka chini ya mikorosho, mahali mabibo mekundu na ya manjano yalipoanguka na kuanza kuchacha juani. Mkulima huinama, huokota tunda, huinyofoa korosho iliyoshika nchani mwake na kuitia kikapuni. Korosho hiyo itakwenda ghalani, itapimwa, na hatimaye itauzwa ng'ambo. Bibo halina mizani wala stakabadhi. Aghalabu huachwa palepale lilipoanguka, liliwe na nzi na mchwa.

Hata hivyo si mabibo yote yanayoachwa. Sehemu yake hukamuliwa na kuwa uraka, kinywaji cha msimu kinachojulikana na kila mtu katika mkoa wa Mtwara. Sehemu nyingine hukaushwa na kuitwa kochoko, ikawekwa hadi itakapohitajiwa. Kutokana na uraka na kochoko hupatikana pombe kali ambayo wengine huiita nipa, wengine gongo, na sheria za nchi huiita moshi. Tangu mwaka 1966 kuitengeneza, kuiuza au hata kuwa nayo bila leseni ni kosa la jinai katika Tanzania Bara. Zaidi ya nusu karne imepita, na pombe hiyo ingali inatengenezwa. Mambo yaliyoishinda marufuku hii yamo katika kemia ya tunda, katika fizikia ya mvuke, katika mfuko wa mkulima na katika historia ya sheria yenyewe.

Nchi na mti wake

Uwanda wa juu wa Makonde huanza karibu na pwani ya Mtwara na kupanda polepole kuelekea magharibi, hadi kufikia kingo zilizo zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Newala umejengwa kwenye ukingo huo. Mtu akisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huona ardhi ikiporomoka ghafla mbele yake, na mbali chini bonde la mto Ruvuma ulio mpaka na Msumbiji. Masasi uko chini ya uwanda, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe makubwa yaliyochongoka.

Udongo wa uwanda ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji hudidimia upesi, hata juu ya uwanda hakuna mito ya kudumu. Kwa vizazi vingi watu waliteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu ulianzishwa katika miaka ya 1950, lakini shida ya maji haikwisha.

Katika ardhi ya namna hii mkorosho ulijipatia makao. Asili yake ni Brazili, nao uliletwa pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji, na mchanga usioufaa mmea mwingine huufaa mkorosho. Tena mti huu huzaa wakati wa kiangazi, ambapo mimea mingine imekauka. Bibo lina maji kiasi cha asilimia 85. Katika uwanda usio na chemchemi, tunda la namna hiyo kuanguka lenyewe mlangoni wakati wa jua kali si jambo dogo.

Yafaa mwanafunzi afanye hesabu kidogo. Uzito wa bibo ni mara 5 hadi 10 ya uzito wa korosho yake. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho ghafi, nyingi zikitoka mikoa ya kusini. Tukichukua kipimo kidogo cha mara 5, mabibo ya msimu huo yalizidi tani 700,000. Baadaye mavuno yalianguka vibaya. Yalikuja kuinuka tena, na katika msimu wa 2017/18 yalipita tani 300,000, maana yake mabibo yalizidi tani milioni moja na nusu. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa nchini katika miaka ya 1970, vikiwemo vile vya Masasi na Newala, vilijengwa kwa ajili ya korosho tu. Wingi huo wote wa mabibo haukutengewa mahali pa kwenda.

Yanayotendeka ndani ya mtungi

Maji ya bibo yana sukari kiasi cha asilimia 10, hasa glukosi na fruktosi. Juu ya ganda la tunda huishi hamira za asili, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Bibo linapokamuliwa, hamira hizo huingia katika maji yake na kuanza kuila sukari. Mwaka 1815 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alionyesha kwamba sukari hugawanyika kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi. Mwaka 1857 Mfaransa mwingine, Louis Pasteur, alieleza kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai.

Kwa lugha ya kemia, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo maji ya bibo yenye sukari asilimia 10 hayawezi kutoa alkoholi zaidi ya asilimia 5 hivi kwa uzito. Huo ndio uraka, ambao nguvu yake hukaribia ile ya bia. Haukutiwa chachu ya dukani wala sukari. Katika joto la kusini uchachaji huanza siku hiyo hiyo, atake mwenye mtungi au asitake.

Hapa ndipo lilipo tatizo la kwanza la marufuku yoyote. Ili kuzuia bia ya viwandani, serikali yaweza kufunga kiwanda. Ili kuzuia pombe ya nafaka, yaweza kuhimiza mahindi na mtama vihifadhiwe. Lakini malighafi ya uraka ni mabaki ya zao ambalo serikali yenyewe imewahimiza wakulima walipande kwa wingi. Kila mkorosho uliopandwa kwa ajili ya fedha za kigeni ulikuwa pia chanzo cha mabibo.

Kutoka uraka hadi moshi

Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Sentigredi, na maji kwenye nyuzi 100. Mchanganyiko wa vitu hivi viwili unapopashwa moto, mvuke unaotangulia huwa na alkoholi nyingi kuliko kioevu kilichobaki. Mvuke huo ukipitishwa penye ubaridi hugeuka tena kuwa kioevu, chenye nguvu mara nyingi zaidi. Tendo hili huitwa kukeneka, nalo ni lile lile litumikalo maabara kupata maji safi na viwandani kupata petroli. Vyombo vyake vya kijijini ni chombo cha kuchemshia, bomba, na maji ya kupozea. Polisi wakivivunja leo, kesho vyaweza kupatikana vingine.

Sababu ya mkulima kukeneka haiko katika ulevi peke yake. Uraka haudumu. Ukikaa siku chache, bakteria huigeuza alkoholi yake kuwa asidi ya siki, na kinywaji huharibika. Pombe iliyokenekwa haiharibiki. Tena ni nyepesi kubeba, kwani nguvu ya mitungi kadhaa huingia katika chupa chache. Kwa mtu anayeishi mbali na barabara, asiye na jokofu wala gari, kukeneka ni njia ya kuhifadhi na kusafirisha mali ambayo ingeoza kwa siku moja.

Historia ya marufuku

Marufuku ya pombe kali katika nchi hii ni ya zamani kuliko uhuru. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa sahihi na mataifa ya Ulaya, uliwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikwenda mbali zaidi, ukakataza kuingiza pombe kali za biashara na kukeneka pombe katika eneo hilo. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, ilifuata mkataba huo.

Lakini Mzungu aliendelea kunywa wiski yake bila kizuizi, hali Mwafrika alikatazwa. Vizuizi hivyo vya rangi vilidumu hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Matokeo yake ni kwamba watu wengi waliiona sheria ya pombe kuwa sheria ya mtawala, isiyotokana na madhara ya kinywaji chenyewe. Mtu aliyekeneka kwa siri hakuhesabiwa na jirani zake kuwa mwizi.

Baada ya uhuru ilitungwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Sheria hii haikufuta kukeneka kabisa. Iliweka leseni, na ikamfanya mkosaji yeyote atakayetengeneza, atakayeuza au atakayekutwa na moshi au mitambo yake bila leseni hiyo. Uganda ilitangulia mwaka mmoja kwa sheria kama hiyo juu ya enguli. Nia ilikuwa njema, yaani kulinda afya, kukusanya ushuru na kuiweka kazi hiyo chini ya usimamizi. Kwa mwanakijiji wa Newala, hata hivyo, leseni ilikuwa kitu cha mbali. Alichokiona mbele yake kilikuwa marufuku tu.

Sababu za kushindwa

Sababu ya kwanza, kama ilivyoelezwa, ni malighafi. Kitu kinachoanguka bure kutoka mtini katika maelfu ya mashamba hakiwezi kulindwa na askari wachache.

Sababu ya pili ni fedha. Korosho huvunwa mara moja kwa mwaka, na malipo yake mara nyingi hukawia, kwa kuwa hupitia chama cha ushirika, ghala na mnada. Zaidi ya hayo, aghalabu fedha za korosho hushikwa na mwenye shamba, ambaye ni mwanamume. Fikiria mama asiye na shamba lake mwenyewe, ambaye mtoto wake anahitaji sare na daftari mwezi Januari. Korosho si zake, ila mabibo aruhusiwa kuyaokota. Madebe machache ya uraka humpatia fedha taslimu jioni hiyo hiyo, na chupa za nipa humpatia fedha katika miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya. Sheria ilimwambia aache, lakini haikumpa kazi nyingine badala yake. Alipotozwa faini, alirudi kukeneka ili apate fedha ya kuilipa.

Sababu ya tatu ni bei. Pombe halali ya chupa hubeba gharama ya kiwanda, ya usafiri na ya ushuru. Kwa miongo mingi barabara za kusini hazikupitika kwa urahisi wakati wa masika, na bidhaa za Dar es Salaam zilifika zikiwa ghali. Gongo haikulipa ushuru wala nauli. Kila ushuru wa bia ulipopanda, mnywaji maskini alisukumwa kuelekea kwenye gongo.

Sababu ya nne ni mila. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, pombe ilikuwa na mahali pake katika kazi ya ujima na katika sherehe za jando na unyago. Ni kweli kwamba Uislamu na madhehebu kadhaa ya Kikristo waliipinga kwa nguvu, na nyumba nyingi hazinywi kabisa. Lakini hata asiyekunywa aliona vigumu kumpeleka shangazi yake polisi kwa sababu ya mtungi. Marufuku isiyopata mashahidi haina nguvu mahakamani.

Sababu ya tano ni mpaka. Mikorosho imejaa ng'ambo zote mbili za Ruvuma, na watu wa pande hizo ni ndugu. Kinachokatazwa upande mmoja huvuka kwa mtumbwi kutoka upande wa pili.

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920. Unywaji ulipungua mwanzoni, lakini upesi zilizuka pombe za magendo na magenge ya wahalifu. Serikali ilitia sumu katika alkoholi ya viwandani ili isinywewe. Watu waliinywa hata hivyo, na wengi wakafa. Marufuku hiyo ilifutwa Desemba 1933. Finlandi nayo ilijaribu tangu 1919 na kuacha mwaka 1932.

Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Pombe hiyo ilikimbilia vichochoroni, ambako hakuna mkaguzi wala kipimo. Novemba 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2010 Kenya ilibadili njia. Sheria mpya iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kwa kiwango kilichowekwa. Hata hivyo vifo vya sumu havikukoma mara moja, jambo linaloonyesha kwamba kuruhusu peke yake pia hakutoshi bila ukaguzi.

Ipo pia marufuku iliyokuwa na nafuu. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilikataza pombe kali katika vifuko vya plastiki, viitwavyo viroba, vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei ndogo hata kwa watoto wa shule. Viroba vilitoka katika viwanda vinavyojulikana na vilipita katika maduka yanayojulikana, kwa hiyo vilikuwa na mlango wa kufungwa. Mabibo ya Masasi hayapiti katika mlango wowote.

Hatari iliyo ya kweli

Isidhaniwe kwamba, kwa kuwa marufuku ilishindwa, basi pombe haina madhara. Ethanoli yenyewe ni sumu. Hudhuru ini, ubongo na mtoto aliye tumboni, huongeza ajali, na hupoteza fedha za chakula cha watoto. Gongo ina hatari ya ziada, kwa kuwa mnywaji hajui nguvu yake. Chupa ya leo yaweza kuwa na alkoholi mara mbili ya chupa ya jana.

Kisha kuna methanoli. Kiasi kidogo chake hutokana na pektini iliyomo katika matunda. Huchemka kwenye nyuzi 65, na watu wengine hudhani kwamba kumwaga matone ya kwanza huiondoa yote. Sivyo, kwani mchanganyiko hautengani kikamilifu katika vyombo vya namna hiyo. Hata hivyo vifo vya watu wengi kwa pamoja husababishwa hasa na methanoli ya viwandani inayotiwa katika pombe na wafanya magendo wanaotaka faida ya haraka. Mwilini methanoli hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya jicho. Dalili, ambazo zaweza kukawia saa nyingi, ni kichwa kuuma, kutapika, kuhema kwa shida, na kuona kama ukungu mweupe. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, kwani matibabu ya mapema huokoa macho na uhai. Ulimi hauwezi kuitofautisha methanoli na ethanoli, na kuiwasha pombe ili kutazama rangi ya moto si kipimo cha kuaminika.

Lawama kubwa dhidi ya marufuku iliyoshindwa ni hii. Inapoifanya kazi ya kukeneka kuwa ya siri, humfukuza mkaguzi pamoja na mnywaji. Muuzaji anayeogopa polisi hatapeleka chupa yake maabara kupimwa, na mgonjwa anayeogopa kushtakiwa huchelewa kwenda zahanati.

Bibo lingeweza kuwa nini

Bibo lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Vizuizi vyake ni viwili. Kwanza huoza katika muda wa siku moja hivi baada ya kuanguka. Pili lina tanini, ambayo hukaza ulimi na kukereketa koo. Kizuizi cha pili kina dawa rahisi. Tanini hushikamana na wanga au jelatini na kuzama chini. Kwa hiyo uji mwepesi wa mchele ukitiwa katika maji ya bibo, takataka hutuama, na maji safi huchujwa juu. Huko Brazili maji yaliyosafishwa hivyo huchemshwa ndani ya chupa na kuwa kinywaji kisicho na alkoholi kiitwacho cajuína. Hali kadhalika bibo hufaa kwa jemu, siki na chakula cha mifugo. Kizuizi cha kwanza ndicho kigumu zaidi, kwani chadai kiwanda kidogo karibu na shamba, maji, nishati na soko.

Katika jimbo la Goa nchini India, ambako mkorosho ulipelekwa na Wareno hao hao, pombe ya mabibo iitwayo feni hukenekwa kwa leseni, hulipiwa ushuru, na mwaka 2009 jina lake lilisajiliwa kuwa alama ya bidhaa ya jimbo hilo. Kila jamii ina maadili yake, na si lazima Newala ufuate njia ya Goa au ya Brazili. Lakini mifano yote miwili yatoka katika mti ule ule, na katika kila mmoja bibo lilipewa njia halali ya kumpatia mkulima kipato.

Jaribio kwa wanafunzi

Kamua mabibo machache na uchuje maji yake. Gawa katika chupa tatu. Chupa ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili ichemshe, kisha ipoze. Ya tatu iweke mahali pa baridi. Kila chupa iunganishe kwa mpira mwembamba na gilasi yenye maji ya chokaa, wala usizibe chupa kabisa, kwani gesi yaweza kuipasua. Tazama kwa siku mbili ni maji yapi ya chokaa yanayogeuka meupe kwanza, na ueleze kwa nini. Mwisho mwaga vyote, wala visinywewe.

Kisha mwalimu awaulize wanafunzi swali moja zaidi, lisilojibiwa na maji ya chokaa. Wahesabu mikorosho iliyopo karibu na shule yao, wakadirie mabibo yake kwa msimu mmoja, halafu waeleze yangeweza kufanywa nini ili mama yule mwenye madebe ya uraka apate fedha ya daftari bila kumkimbia askari.